Bei ya Mahindi Hutoka Wapi?

Mwaka wa mavuno mengi bei ya mahindi huanguka, na mkulima humlaumu mfanya biashara. Je, lawama hiyo ni ya haki? Swali la namna hii ndilo wapimalo wanafunzi wa uchumi mwanzoni mwa masomo yao ya Chuo Kikuu.

Alfred Marshall, mwalimu wa Cambridge, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1890 ya kuwa bei hufanywa na wauzaji na wanunuzi pamoja, kama mkasi ukatavyo kwa makali yake mawili. Mahindi yakizidi, na matumbo yasizidi, bei haina budi kushuka.

Lakini mnunuzi akiwa mmoja tu, aweza kuishusha. Basi kabla ya kulaumu, twahesabu kwanza magunia, kisha wanunuzi.