Dawa Hujaribiwa Kwanza, Ndipo Isifiwe

Hapa petu Kifungilo, katika milima ya Usambara, asubuhi za Juni na Julai huwa za baridi kali. Mama akiamka vidole vimevimba na magoti hayakunjiki, jirani humwambia ni baridi ya mlima. Mwingine humnong'oneza kuwa amerogwa. Wote wawili wamekosea. Jina la «baridi yabisi» limetudanganya, kwani maradhi haya yapo Tanga penye joto kama yalivyo Lushoto.

Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili askari wa kuulinda na vijidudu. Katika baridi yabisi ya namna hii, na katika maradhi yaitwayo lupasi, yawashikayo khasa wanawake walio katika umri wa kuzaa, askari hao hugeuka wakawapiga wenye nyumba: viungo, ngozi, hata mafigo. Maradhi haya hayaambukizi. Dawa ya kuyang'oa kabisa haijapatikana; zipo za kuyatuliza.

Mojawapo ina ujamaa na milima yetu. Wajerumani walianzisha chuo cha utafiti Amani, Usambara ya Mashariki, mwaka 1902, wakapanda mikwinini. Na katika vita vya 1914–1918 magome yake yaliwapatia askari wao kwinini ya kutibu malaria. Mwaka 1934, huko Ujerumani, wataalamu waliokuwa wakitafuta badala ya kwinini walitengeneza klorokwini. Ikadhaniwa kuwa ni sumu mno, ikawekwa kando. Ilipojaribiwa upya wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ikaonekana yafaa. Tena mwaka 1951 daktari Francis Page wa London akaeleza jinsi alivyowapa wagonjwa 18 wa lupasi dawa nyingine ya malaria, mepakrini, na wengi wao wakapata nafuu. Leo haidroksiklorokwini, ndugu yake klorokwini, ni dawa ya lupasi na ya baridi yabisi.

Lakini mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia, wengi duniani waliikimbilia dawa hiyo hiyo. Jaribio kubwa la Uingereza, liitwalo RECOVERY, likabainisha kuwa haikupunguza vifo vya wagonjwa waliolazwa. Dawa ni moja: huku yafaa, kule haifai. Si uvumi uliopambanua, bali kipimo.

Basi zikija khabari za dawa mpya ya maradhi haya iliyo katika majaribio, tusiikimbilie wala tusiikimbie. Dawa ya kuwatuliza askari wa mwili yaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, na katika nchi yetu hilo si jambo dogo. Mgonjwa aombwaye kuingia katika jaribio ana haki ya kuelezwa kwa lugha aijuayo faida inayotarajiwa na hatari zake. Ana haki ya kukataa, na ya kutoka wakati wowote bila ya kunyimwa matibabu yake. Hapo Korogwe, chini ya milima yetu, wazazi walikubali watoto wao waingie katika jaribio la chanjo ya malaria lililoanza mwaka 2009. Na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wa Afrika.

Ndugu wasomaji, kutafuta dawa hakupingani na tawakkul. Mwenye viungo vilivyovimba wiki nyingi apelekwe hospitali mapema, kabla havijapinda. Atumiaye haidroksiklorokwini apimwe macho kama atakavyoagizwa, wala asiache dawa kwa sababu ya maneno ya sokoni.