Asiyeamini na Kitabu cha Biblia



Hapa Mususa, saa ya kozi ya dini ikifika, tunasikia maneno ya namna mbili. Mmoja anasema: "Miye siamini, basi hii kozi inanihusu nini? Natafuta pointi tu." Mwingine anamujibu: "Kama hauamini, acha Biblia yetu, haiko kitabu chako." Sisi tunaoandika ukurasa huu hatuko wa namna moja. Wengi wetu tunasali, wengine hawasali. Lakini tumezungumza sana juu ya jambo hili, na tunaona ya kuwa wenzetu hao wawili wote wamepita kando ya njia. Tutaeleza sababu.

1. Mtu aliyetoka kanisani bila kuacha Biblia

Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alizaliwa Limuru, inchi ya Kenya, katika mwaka wa 1938. Kutoka 1955 mpaka 1958 alisoma katika Alliance High School, shule ya sekondari ya Waprotestanti kama yetu. Wakati ule aliitwa James Ngugi. Mwaka wa 1970 alialikwa kusema mbele ya mkutano mkuu wa kanisa la Wapresbiteri la Afrika ya Mashariki. Akaanza kwa kusema wazi ya kuwa yeye si mtu wa kanisa, wala si Mkristo. Inasimuliwa ya kuwa mzee mmoja alisimama na fimbo yake, akamukatalia: Namna gani si Mkristo, naye anaitwa James? Kisha Ngũgĩ akaliacha jina lile.

Je, aliiacha na Biblia? Hapana. Mbele ya hapo, mwaka wa 1967, alikuwa ametoa kitabu chenye jina la "A Grain of Wheat", ni kusema mbegu ya ngano, ile inayopashwa kufa udongoni ili izae. Ndani yake kuna Kihika, mpigania uhuru, mwenye Biblia aliyoipiga mistari kwa mkono wake, zaidi pale Musa anaposimama mbele ya Farao.

Mwisho wa 1977 serikali ya Kenya ikamufunga pasipo hukumu. Katika gereza la Kamiti, akiandika juu ya karatasi za choo, alitunga kwa Kikuyu kitabu kilichotoka mwaka wa 1980. Kwa Kiswahili kinaitwa "Shetani Msalabani". Pale wezi wakubwa wanafanya karamu na kushindana nani anajua kuiba zaidi, na msimamizi wao anafungua karamu kwa mfano wa talanta. Bwana wa mfano ule amekuwa mkoloni anayerudi kwao na kuwaachia watumishi mali yake. Watu walisomeana kitabu kile nyumbani, hata katika mabaa. Kwa nini walikifahamu upesi? Sababu mifano ya Yesu walikuwa nayo kichwani tangu utoto. Mwamini anaweza kuchukizwa kuona mfano umegeuzwa vile. Lakini mtu hawezi kugeuza kitu asichokijua vizuri. Ngũgĩ alifariki Marekani tarehe 28 mwezi wa 5, 2025. Katika miaka ile yote maneno ya Biblia hayakutoka katika kalamu yake.

2. Hadisi inayomukamata mfalme

Uzuri huo ni wa namna gani? Tuchukue 2 Samweli, sura ya 12. Daudi amechukua bibi wa askari wake Uria, kisha amemufanya Uria auawe vitani. Nani atamuambia mfalme? Nabii Nathana haanzi na lawama. Anamuletea shauri kama vile watu wanavyopeleka shauri kwa chifu. Tajiri alikuwa na mifugo mingi. Jirani yake masikini alikuwa na kondoo mmoja mdogo tu, aliyekula naye na kulala kifuani pake kama mtoto. Mgeni akafika, na tajiri akahurumia mifugo yake mwenyewe, akanyanganya kondoo wa masikini, akamupika. Daudi anawaka kwa hasira, anakata hukumu: mtu huyo anastahili kufa. Ndipo Nathana anamuonyesha ya kuwa mtu huyo ni yeye mfalme.

Tazameni kazi ya hadisi hii. Kama Nathana angemulaumu Daudi tangu mwanzo, Daudi angejitetea. Lakini amekwisha kuhukumu mbele ya kujua anamuhukumu nani, na sasa hana mlango wa kutokea. Kwa kuona akili hiyo hauombwi kwanza cheti cha ubatizo. Na kila mtu mwenye jirani masikini anaweza kujiuliza kama kondoo iko kwake.

3. Biblia yenyewe inawapa nafasi

Wenzetu waamini nao wafungue Mezali sura ya 30. Maneno yale ni ya mtu anayeitwa Aguri, naye anaanza kwa kukiri ya kuwa hana akili na hajapata kumujua Mtakatifu. Hata hivyo maneno yake hayakufutwa. Ndiye anayetutuma kujifunza kwa vidudu vidogo: chungu wanaoweka akiba, nzige wanaokwenda kwa mpango pasipo mfalme. Kitabu cha Esteri, kwa Kiebrania, hakitaji jina la Mungu hata mara moja. Muhubiri anatazama kazi yote ya watu na kuiona kama pumzi.

Tena kuna Yobu. Tangu mwezi wa 10, 2014, mauaji ya upande wa Beni yamewafukuza watu wengi, na tuko na wenzetu waliopoteza wazazi. Wengine wao wanasema hawawezi tena kusali. Ni vibaya kuwajibu haraka ya kuwa ni dhambi. Rafiki za Yobu walifanya vizuri siku saba walipokaa chini naye pasipo kusema neno. Walipoanza kufasiria mateso yake, wakaharibu. Na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, wenye kumutetea, si Yobu aliyelia na kubishana. Mtu asiyeamini akisoma pale anapata mwenzake. Mwamini akisoma pale anajifunza kufunga kinywa.

4. Namna ya kusoma

Kwa asiyeamini: usichukue mstari mmoja, soma hadisi nzima, kwa sauti, na uulize nani anasema na anamuambia nani. Usisome kwa kutafuta kuchekelea. Na ujue ya kuwa jirani yako kwenye benchi anasikia pale sauti ya Mungu wake. Hauwezi kumufahamu kama unapita juu ya jambo hilo.

Kwa mwamini: usiogope mwenzako akisema "maneno haya ni mazuri" na kuishia hapo. Hajakunyanganya kitu. Yeye anakunywa maji ya kisima kimoja nawe, ijapo hamukubaliani nani aliyekichimba.

Mwenye neno la kuongeza ao la kutupinga, atuandikie. Tutalipokea katika jarida linalofuata.