Gasketi za Kukata kwa Mkono na Oili Inayovuja

Kila apitaye mbele ya ofisi ya shule yetu amekwisha kuliona lile doa jeusi lililo chini ya mwembe, mahali inapolala pikapu ya shule. Doa hilo lina umri mkubwa kuliko wanafunzi wengi wa Kidato cha Kwanza, na mpaka muhula uliopita lilikuwa likizidi kupanuka. Wengine hufanya mzaha wakisema kwamba motokaa kuukuu isiyovuja oili ni ile iliyokwisha oili. Lakini pikapu hiyo ndiyo ipelekayo wagonjwa wetu hospitali usiku, na njiani hakuna mahali pa kuomba msaada. Mhariri ameniomba nieleze jinsi sisi wa Chama cha Ufundi tulivyoizuia oili ile kwa gasketi tulizokata wenyewe, nami nitachanganya humo na yale ninayojifunza kila likizo katika karakana ya mjomba wangu, Morogoro.

Yafaa kwanza tujue gasketi ni kitu gani. Nyuso mbili za chuma zinazokutana, hata zikisuguliwa namna gani, zina vilima na mifereji midogo isiyoonekana kwa macho. Oili ikiwa baridi ni nzito, hupita hapo kwa shida. Ikipata moto huwa nyepesi kama maji na hupenya bila taabu. Gasketi ni kitu laini kiwekwacho katikati ya nyuso hizo ili kibanwe na kuijaza mifereji hiyo. Haishiki kama gundi. Kazi yake yote hutokana na kubanwa, tena kubanwa sawasawa pande zote. Nalitilia mkazo neno hilo "sawasawa" kwa sababu nimeona gasketi mpya ya dukani ikivuja siku ile ile ilipofungwa, na nyingine iliyokatwa katika jalada la faili ikikaa miaka bila kutoa hata tone.

Je, tone linalovuja ni hasara kubwa? Tulipima. Injini ikinguruma, pikapu yetu ilidondosha tone moja kila sekunde 5. Tuliyakinga matone hayo katika silinda ya kupimia ya maabara, tukaona kwamba matone 25 hivi hufanya mililita 1. Basi kwa saa moja ni matone 720, karibu mililita 29. Gari likifanya kazi saa 10 kwa juma, katika muhula wa majuma 14 zimemwagika lita 4, na lita hizo zimenunuliwa kwa fedha za shule. Walakini fedha ndiyo hasara ndogo. Oili ikipungua mno, pampu hunyonya hewa, chuma husugua chuma, na injini hufa kwa muda wa dakika chache. Tena oili ikidondokea bomba la moshi lililo moto huleta harufu mbaya na moshi, na huweza kuwaka.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Jambo la kwanza ni kujua oili inatoka wapi, na hapa wengi hupotea, kwa maana oili ni mwongo. Hutoka juu, hutiririka chini, upepo wa mwendo huisukuma nyuma, na mwisho hudondoka mahali pasipo na kosa lolote. Dereva wetu alisadiki kwamba kosa ni la sampo, yaani lile bakuli la chini la oili, na kila mwezi alizikaza boliti zake. Sisi tuliiosha injini ikiwa baridi kwa brashi na mafuta ya taa, tukaikausha vizuri, kisha tukaipaka unga mkavu kwa kitambaa. Baada ya kuiwasha kwa robo saa tulitafuta unga uliolowa, tukauchunguza ule ulio juu kuliko wote. Mfereji wote ulianzia kwenye kifuniko cha valvu, kona ya nyuma, karibu nusu mita juu ya sampo iliyokuwa ikisingiziwa.

Kabla ya kufungua kifuniko hicho tulitazama bomba la kupumulia. Ndani ya silinda moto wa petroli husukuma pistoni, na sehemu ndogo ya moshi hupenya pembeni mwa ringi ikaingia chini penye oili. Moshi huo hapana budi upate njia ya kutokea. Bomba likizibika, hewa ya ndani hujibana na kuisukuma oili itoke popote palipo dhaifu, na hapo hata uweke gasketi ya dhahabu itavuja tu. Bomba letu lilikuwa na utope mweusi mzito kama lami. Ukitaka kujua hali ya injini yako, fungua kifuniko cha kutilia oili injini ikinguruma polepole. Moshi ukitoka kwa nguvu, chunguza kwanza bomba hilo; ikiwa ni safi, basi ringi zimechakaa na dawa yake si gasketi.

Kutoa gasketi ya zamani ni kazi ya subira. Tumia kisu butu au kipande cha mti mgumu, usije ukachimba chuma, hasa kikiwa cha aluminiamu. Tena ziko gasketi za miaka ya nyuma zilizotengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi yasiyopona, aghalabu baada ya miaka mingi. Kwa kuitazama tu huwezi kujua gasketi gani inayo na gani haina. Kwa hiyo lowesha kwanza, kwangua ikiwa mbichi, usitumie brashi ya waya wala kupuliza kwa upepo wa pampu, na mabaki uyafunge katika mfuko.

Kifuniko chetu kilipokuwa safi tulikilaza juu ya kioo kinene na kutazama mwanga kwa chini. Kumbe midomo yake ilikuwa imepinda kila penye tundu la boliti, kama mawimbi. Nilikumbuka siku moja karakanani nilipomwuliza mjomba, "Mjomba, kwa nini usiikaze zaidi ikome kuvuja?" Akanijibu, naye huniita vivyo hivyo, "Mjomba, ndivyo walivyofanya wote walioniletea gari hili." Bati jembamba likikazwa mno huzama penye boliti na kuinuka katikati ya boliti mbili, na hapo katikati ndipo oili inapopata mlango. Anayeona tone akakaza tena huupanua mlango huo. Tulikigeuza kifuniko, tukakilaza juu ya chuma kilichonyoka na kuzigonga zile sehemu zilizovimba kwa nyundo ndogo, mpaka mwanga haukuonekana tena chini yake.

Katika kuchagua kitu cha kukatia, gasketi ya zamani ndiyo mwalimu, hata ikiwa vipande vipande. Pima unene wake mahali palipo mbali na boliti, maana karibu na boliti imebanwa sana. Asiye na chombo cha kupimia atumie hesabu hii: rimu moja ya karatasi za kawaida, yaani karatasi 500, ina unene wa sentimita 5 hivi, basi karatasi moja ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Weka karatasi kadhaa kando ya gasketi, zishike kwa vidole, nawe utajua ni ngapi zinazolingana nayo. Kwa vifuniko vya chuma cha kusubu vilivyo vinene na vilivyonyoka, karatasi ngumu ya gasketi au ya jalada la faili yatosha. Kwa kifuniko cha bati kama chetu karatasi haifai. Hutakiwa kitu kinene kinachobonyea, mathalan gome jepesi lile lifanyiwalo vizibo vya chupa, ambalo huuzwa kwa vipande vipana katika maduka ya vipuri. Baadhi ya watu hukata mpira wa ndani wa gurudumu. Huo ni mzuri kwa maji, lakini ukikutana na oili huinywa, huvimba na kulegea, kisha husukumwa nje ya midomo ya kifuniko.

Kukata kwenyewe kunapendeza. Kwa chuma cha kusubu huhitaji hata penseli. Lazaza karatasi juu ya chuma, ishike imara, ugonge taratibu kwa upande wa mviringo wa nyundo ukifuata ukingo. Ukingo wenyewe ndio unaoikata karatasi. Usipige kwa nguvu, maana aluminiamu itabonyea. Anza na matundu mawili yaliyo mbali, tia boliti ili karatasi isihame, ndipo uendelee na mengine. Matundu ya boliti hutobolewa kwa gololi ya beringi kuukuu: iweke juu ya tundu, igonge mara moja, na kiduara cha karatasi huanguka kama sarafu. Kwa kifuniko cha bati tulipaka midomo yake oili chafu kidogo, tukaigandamiza juu ya gome lile, ikaacha alama, tukakata kwa wembe. Gasketi ya karatasi iliyokaa sana kabatini husinyaa, matundu yake yakakataa kulingana na boliti. Usiitupe, iloweshe majini kwa muda, itarudi katika kipimo chake.

Wakati wa kufunga, tuliikaza kila boliti kwa vidole kwanza. Kisha tulianza katikati, tukaenda nje kwa kupishana kushoto na kulia, kila boliti robo ya mzunguko, tukirudia mpaka gome lilipoanza kubonyea. Tukaacha hapo. Dereva wetu alisikitika kuona spana fupi namna ile, lakini baada ya injini kupata moto na kupoa tulikaza tena kidogo sana, na tangu hapo unga tulioupaka haujalowa.

Motokaa inayofundisha somo hili vizuri ni Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, ambayo utengenezaji wake ulikoma mwaka 2003 huko Meksiko. Vifuniko vyake vya valvu havina boliti hata moja. Hushikwa na waya mnene wa springi, kwa hiyo mkazo wake ni ule ule kila siku, na fundi hana nafasi ya kuuzidisha. Lakini chini ya injini yake kuna bamba dogo la kumwagia oili, lenye nati 6 na gasketi 2 za karatasi, moja juu na moja chini ya chujio la waya. Hapo mtu mwenye mikono mizito hung'oa boliti katika chuma chake laini, na kazi ya karatasi mbili ikageuka kuwa kazi ya kuifungua injini. Injini hiyo hubeba lita 2.5 tu za oili, kwa hiyo uvujaji ambao gari jingine lingeuvumilia, hii haiuvumilii.

Siku hizi kuna gasketi ya majimaji iuzwayo katika tyubu, ile ya silikoni, na vijana wengi huipaka kila mahali kama siagi juu ya mkate. Ina kazi yake, hasa pembeni ambapo vipande vitatu vya chuma hukutana. Ikizidi, ziada hubanwa ikaingia ndani, hukatika na kuelea katika oili mpaka kwenye chujio la pampu, ikaliziba.

Tena ziko sehemu ambazo gasketi ya kukata nyumbani isiwekwe kabisa. Ile ya silinda hedi huzuia moto na mgandamizo mkubwa wa silinda, pamoja na maji na oili katika matundu yaliyo jirani. Hiyo ni lazima inunuliwe. Kwenye pampu ya oili, na katika vifuniko fulani vya giaboksi vinavyoshika beringi, unene wa gasketi ni kipimo: ukizidisha hata unene wa karatasi moja ya daftari, pampu hupoteza nguvu au beringi hucheza, ukipunguza, vyuma hukwama. Na palipo na sili ya mpira inayoizunguka shafti, karatasi haina msaada.

Mwanafunzi atakayejaribu kazi hii asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Aweke magogo imara na kuzuia magurudumu. Oili aliyoimwaga aikinge katika debe, asiimwage shambani wala mtaroni. Sisi hukutana karakanani kila Jumamosi saa 3 asubuhi. Nyundo tunazo, karatasi tunayo, ila gololi zetu ni za ukubwa mmoja tu. Mzazi mwenye beringi kuukuu, kubwa au ndogo, tutashukuru akimpa mwanawe atuletee shule zitakapofunguliwa, maana sasa tumeombwa tuitazame mashine ya kusukuma maji ya bwenini, nayo inavuja pande mbili.