Mwenye Usonji Akizidiwa, Kufuli Si Dawa

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Maneno haya yanawafaa hasa wazazi wa mtoto mwenye usonji au ulemavu wa akili. Jirani husikia kelele usiku, akageuka upande wa pili akalala. Baba na mama ndio wajuao uzito wa kijana mkubwa ajigongaye kichwa ukutani, naye hana maneno ya kueleza kimpatacho. Saa hiyo waende wapi? Wamwite nani? Hilo ndilo swali tunalotaka kulipima leo, kwa sababu nchi yenye mali kupita zetu ililijibu vibaya, na watu wakaumia.

Kwanza, ndugu msomaji, tuondoe ujinga. Usonji si wazimu, si laana, wala hauambukizi. Ni namna ubongo ulivyokua tangu utotoni, na mtu huishi nayo maisha yake yote. Hata hivyo mwenye usonji aweza pia kushikwa na ugonjwa wa akili, kama vile huzuni nzito au hofu ipitayo kiasi. Naye hushikwa nao mara nyingi kuliko watu wengine. Tena si kila ghasia ni ugonjwa wa akili. Huenda ni jino linauma, au sikio, au tumbo limefunga siku nyingi. Huenda mlezi aliyemzoea ameondoka, au kelele za mahali zimemshinda kuvumilia. Mganga asiyejua mambo haya husema, "Hao ndivyo walivyo," akaandika dawa ya kumlaza. Kijana hulala, lakini jino bado linauma.

Sasa tutazame Uingereza. Karibu na mji wa Bristol palikuwa na hospitali iliyoitwa Winterbourne View, mali ya kampuni ya watu binafsi, yenye vitanda 24. Kwa kila mgonjwa fedha za umma zililipwa wastani wa pauni 3,500 kwa wiki. Watu wenye usonji na ulemavu wa akili walipelekwa huko walipozidiwa, ati wakatibiwe. Tarehe 31 Mei 2011 shirika la utangazaji la BBC lilionyesha picha zilizopigwa kwa siri ndani ya nyumba hiyo. Taifa zima likaona wagonjwa wakipigwa, wakiburutwa sakafuni na kudhihakiwa na watu waliolipwa kuwatunza. Hospitali ikafungwa mwaka ule ule. Mwaka 1912 haukuwa huo, wala si zama za minyororo. Ilikuwa karne hii yetu. Mwaka 2012 watumishi 11 walitiwa hatiani, na sita kati yao wakafungwa jela.

Hapa pana jambo ambalo kila mfanyakazi yapasa alishike. Siri ile haikufichuliwa na mkaguzi. Ilifichuliwa na muuguzi wa humo humo, Terry Bryan, aliyewaandikia wakubwa wake katika Oktoba 2010, kisha akaipasha habari ofisi ya serikali yenye kazi ya kukagua. Hakusikilizwa, ndipo akawaendea watangazaji. Mfanyakazi mmoja aliyekataa kunyamaza alifanya kazi iliyowashinda wenye mamlaka. Lakini yafaa tujiulize pia: ni wangapi waliona wakakaa kimya? Na ni nani aliyewapa watu wale zamu za saa nyingi bila ya mafunzo ya kutosha, akadhani matunzo yatakuja yenyewe?

Serikali ya Uingereza iliahidi kwamba ifikapo Juni 2014 kila aliyewekwa hospitalini pasipo sababu atakuwa amehamishiwa karibu na kwao. Ahadi haikutimizwa. Mnamo Machi 2015 walikuwamo watu karibu 2,900. Ikawekwa shabaha mpya ya kuipunguza hesabu hiyo kwa nusu kufikia Machi 2024. Siku ilipofika, zaidi ya 2,000 walikuwa bado wamo. Sababu si ngumu kuifahamu. Vitanda vilikuwa na fedha, lakini mitaani hapakujengwa nyumba za kutosha, wala hapakuwa na watumishi waliofundishwa wa kumpokea mtu akitoka. Mlango wa kuingilia ulikuwa mpana, na wa kutokea haukuwa na barabara mbele yake.

Dawa nazo zilitumika kama kufuli. Mwaka 2015 hesabu za idara ya afya zilionyesha kwamba watu wazima wenye ulemavu wa akili kati ya 30,000 na 35,000 walikuwa wakipewa kila siku dawa za akili bila ya kuwa na ugonjwa uliozihitaji. Mwaka uliofuata kijana Oliver McGowan, mwenye umri wa miaka 18, mwenye usonji na kifafa, alipewa hospitalini dawa ya aina hiyo, ingawa yeye na wazazi wake walisema wazi kwamba hawaitaki. Ilimdhuru ubongo, akafariki Novemba 2016. Wazazi wake hawakukaa wakalia tu. Walipigana hata sheria ya mwaka 2022 ikalazimisha watumishi wa afya wa Uingereza kufundishwa habari za usonji na ulemavu wa akili.

Je, njia njema ipo? Naam, ipo. Huko Massachusetts, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980, Joan Beasley na wenzake walianzisha utaratibu uitwao START. Jamaa wana simu ya kupiga usiku na mchana. Mtaalamu huenda nyumbani kwa mgonjwa. Mpango wa siku ya dharura huandikwa mapema, ukieleza kinachomtibua huyu na kinachomtuliza. Akihitaji kutoka nyumbani, ipo nyumba ndogo ya kupumzika kwa siku chache, kisha hurudi kwao. Hapa ufa huzibwa kabla ukuta haujaanguka.

Habari hizi si za ng'ambo peke yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu uliridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Kifungu chake cha 14 chasema kwamba ulemavu hauwezi kuwa sababu ya kumnyima mtu uhuru wake. Maneno hayo yawabana wenye hospitali kubwa, na yaibana vile vile nyumba ambamo mtoto hufichwa chumba cha nyuma.

Basi na tusingoje jengo kubwa lenye ukuta mrefu ndipo tuseme tumeanza. Tudai muuguzi wa zahanati afundishwe kutafuta maumivu kabla ya kuandika dawa ya usingizi. Tudai polisi wajue kumtambua mwenye usonji kabla hawajamtia pingu. Tudai mlezi alipwe na afunzwe kama mfanyakazi mwingine yeyote. Na jirani akisikia kelele usiku, asigeuke upande wa pili, abishe hodi, aulize, "Niwasaidie nini?" Mama yule hana nguvu ya kungoja mpaka kulipokucha.