Kurejea Gielinor kutoka Nchi ya Chai

Mchezo wa mtandaoni wa kuigiza wahusika ni ule ambao mchezaji huumba mtu wa kubuni, akamlea kwa miezi na miaka ndani ya ulimwengu unaoendelea na shughuli zake hata baada ya yeye kuzima simu, na ambamo maelfu ya watu wengine hufanya vivyo hivyo kwa wakati uleule. Kwa kuwa ulimwengu huo haumngoji mtu, anayerejea baada ya miaka mitatu au kumi humkuta mhusika wake akiwa na nguvu zilezile alizomwachia, ilhali kanuni, bei na ramani zimekwisha kubadilika. Wengi hudhani kwamba wamepitwa kwa nguvu, wakakimbilia vita siku ya kwanza, kumbe walichopoteza ni maarifa. Hali hiyo inaonekana vyema katika RuneScape, mchezo uliozinduliwa na ndugu wa familia ya Gower nchini Uingereza, Januari 2001, ambao ulimwengu wake wa kichawi huitwa Gielinor, na inazidi kuwa bayana kwa mchezaji aliyeko Kericho au Bomet, katika nchi ya chai ya Kenya, ambako stima na radi navyo vina usemi katika vita vya kubuni.

Anayerejea anapaswa kwanza kujua anarejea wapi. Tangu Februari 2013 kuna michezo miwili yenye jina hilo: RuneScape yenyewe, iliyoendelea kubadili sura na mtindo wa kupigana, na Old School RuneScape, iliyofufuliwa kutoka katika nakala iliyohifadhiwa Agosti 2007, baada ya wachezaji kupiga kura. Katika Old School kila mtu alianza upya, kwa hiyo aliyeacha kucheza katika saiba ya Litein au Sotik mwaka 2011 atamtafuta mhusika wake huko bila kumpata. Yuko katika RuneScape ile nyingine. Hata hivyo, kwa mkazi wa nchi ya chai Old School ndiyo yenye kufaa zaidi, maana tangu Oktoba 2018 inachezwa kwenye simu kwa akaunti ileile ya kompyuta, picha zake za kizamani hazidai simu ya bei ghali, na matumizi yake ya data, ukiondoa upakuaji wa mwanzo ambao ni busara kuufanya penye waifai, ni madogo.

Akaunti ya zamani ni mali, na wezi wanalijua hilo. Kabla ya kugusa upanga, mwenyewe abadili nywila, awashe uthibitisho wa hatua mbili unaodai namba ya muda kutoka kwenye simu, kisha aiwekee benki ya ndani ya mchezo namba yake ya siri ya tarakimu nne. Kampuni ya Jagex, inayomiliki mchezo, ilianzisha mwaka 2023 aina mpya ya akaunti inayowaweka wahusika kadhaa chini ya barua pepe moja. Ni salama zaidi, ila aliyehamia hawezi kurudi kwenye mfumo wa awali, na kwa sababu hiyo ahakikishe kwanza kwamba barua pepe anayoitumia bado anaifungua.

Jambo la mtandao linahitaji maelezo marefu kidogo. Seva, yaani kompyuta kuu inayouendesha ulimwengu wa mchezo, huhesabu matukio yote kwa vipande vya sekunde 0.6, ambavyo wachezaji huviita tiki. Ishara inayotoka Kericho, ikapita Mombasa na kufuata nyaya za chini ya bahari hadi Ulaya, huchukua zaidi ya milisekunde 100 kwenda na kurudi. Katika mchezo wa kufyatuliana risasi ucheleweshaji huo ni kifo. Katika Old School humezwa ndani ya tiki moja, na mchezaji wa Kapkatet hupigana karibu sawa na yule wa London, mradi achague seva ya Uingereza au Ujerumani badala ya ile ya Marekani au Australia. Kukatika kwa mawasiliano ndiko kwenye hatari zaidi. Kericho iko zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda kwenye miinuko hiyo, ikaleta alasiri nyingi ngurumo na mvua ya mawe ambayo wakulima huijua kwa jinsi inavyoyachana majani ya chai. Stima ikipotea na waifai ikazimika, mhusika aliyekuwa vitani hatoweki papo hapo. Husimama akipigwa wakati mwenyewe akitafuta bando la simu. Mapambano na mabosi, yaani yale majitu makubwa yenye hazina, ni afadhali yawe ya asubuhi au ya usiku, na alasiri iachiwe uvuvi na ukataji miti.

Kanuni za kifo nazo zimegeuzwa zaidi ya mara moja, na hapa ndipo kumbukumbu ya zamani humponza mtu. Kwa utaratibu uliopo tangu 2020, mhusika anayeuawa na kiumbe wa mchezo kwa kawaida hubaki na vitu vyake vitatu vya thamani zaidi, na vingine huhifadhiwa katika kaburi kwa dakika 15 za kuvifuata. Hayo hayahusu nyika ya kaskazini iitwayo Wilderness, ambako wachezaji huruhusiwa kuuana na muuaji huchukua mali ya mwenzake. Aliyeondoka kabla ya 2015 atakuta pia soko la pamoja liitwalo Grand Exchange, linalokutanisha wauzaji na wanunuzi bila wao kuonana, hivyo hana sababu ya kumwamini mtu anayemsogelea barabarani kumnunulia silaha ya zamani. Bei ya kila kitu i wazi pale. Ramani imepata Kourend mwaka 2016 na Varlamore mwaka 2024, na Novemba 2025 stadi ya ubaharia iliongezwa, ikawa ya 24.

Mwenye tamaa ya kufikia kiwango cha 99, ambacho ndicho kilele cha kila stadi, afanye hesabu kabla ya kuahidi. Kilele hicho kinadai pointi 13,034,431 za uzoefu, na kiwango cha 92 ndicho takriban nusu ya njia. Aliyeachia kwenye 70 ana pointi 737,627, ambazo hazifiki hata asilimia 6. Misheni, yaani kazi zenye kisa chake na tuzo mwishoni, humfaa zaidi, kwa sababu zinamrudisha katika kila pembe ya ramani na kumkumbusha vitufe. Asishawishike kutumia programu za kumbonyezea wakati amelala: Jagex huzifunga akaunti za namna hiyo. Kwa wenyeji kuna kejeli fulani hapo, kwani Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za kuchuma chai katika mashamba ya Kericho wakipinga mashine kuchukua kazi ya mikono, nayo Gielinor inashikilia msimamo huohuo kwa bidii kuliko shamba lolote.

Gharama ni suala la mwisho. Sehemu ya bure ina stadi 15 na yatosha kwa wiki za kujikumbusha. Uanachama, unaofungua zilizobaki, hulipwa kwa kadi, na tangu Juni 2022 mteja wa M-Pesa anaweza kujitengenezea kadi ya Visa isiyo ya plastiki. Njia nyingine ni bondi, hati inayonunuliwa kwa dhahabu ya mchezo na kubadilishwa kwa siku 14 za uanachama, ingawa anayerejea huwa bado hana dhahabu hiyo. Kijana wa mkulima anayesubiri bonasi ya majani, ambayo kwa kawaida hulipwa karibu na Oktoba, hana haja ya kulipia mwaka mzima siku fedha zinapoingia. Alipie mwezi mmoja, tena ule wa Desemba ambao shule zimefungwa, na kabla haujaisha atakuwa amejua kama Gielinor bado inamvutia.