Hija ya Roma: Bei ya Sokoni na Kodi Inayorudishwa



Kikundi kikichanga pesa mwanachama aende hija Roma, wenzake humpa pia za kununulia vitu. Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja amesikia ati mgeni hurudishiwa kodi yote. Mwingine anashuku kwamba msafiri alirudishiwa akanyamaza. Pesa zisivunje kikundi. Tuelewe jambo hili mapema.

KODI YENYEWE NI IPI?
Ni ndugu ya VAT yetu ya Kenya, ambayo ni asilimia 16. Italia huiita IVA, na tayari imo ndani ya bei unayoiona dukani. Mkate, maziwa na mboga hutozwa asilimia 4, nyama 10, nguo na viatu 22.

CHAKULA CHA KILA SIKU
Prati ni mtaa wa makazi ulio karibu kabisa na Vatikani, na wahujaji wengi hulala upande huo. Badala ya kula hotelini kila siku, mtu anaweza kwenda soko la Trionfale, barabara ya Andrea Doria. Aende asubuhi, na si Jumapili. Matunda usiyashike, onyesha, muuzaji akupimie. Tena soma kibao vizuri: "etto" ni gramu 100, si kilo. Jibini ya euro 2 kwa etto ni euro 20 kwa kilo! Maji usinunue ovyo. Barabarani kuna mifereji iitwayo "nasoni", maji yake ni safi na ni ya bure. Beba chupa.

Kodi ya chakula ulichokula hairudi. Ya hoteli na ya basi pia hairudi.

KODI INAYORUDI
Inayorudi ni ya vitu unavyobeba kwenda navyo nyumbani, ukitimiza haya:

1. Uwe unaishi nje ya Umoja wa Ulaya. Binti yetu anayefanya kazi Roma hawezi kudai, hata akiwa na pasipoti ya Kenya.

2. Vitu viwe vya zaidi ya euro 70, duka moja, hati moja. Kabla ya Februari 2024 ilikuwa karibu euro 155. Rozari za bei ndogo kutoka maduka matano hazirudishi hata senti.

3. Mwambie mwenye duka kabla ya kulipa, na umwonyeshe pasipoti. Si kila duka lina mpango huu. Hati iandikwe jina la msafiri.

4. Utoke Ulaya kabla ya miezi mitatu kwisha, ukihesabu kuanzia mwisho wa mwezi ulionunua.

5. Uwanja wa ndege, nenda kwa watu wa forodha KABLA ya kukabidhi sanduku, kwa sababu wanaweza kutaka kuona vitu, na viwe havijatumika. Kama ndege inapitia nchi nyingine ya Ulaya, uliza mapema forodha yako itakuwa wapi. Bila idhini yao hakuna pesa.

TUPIGE HESABU
Koti na viatu ni euro 122. Bei bila kodi ni 100, kodi ni 22. Lakini si ati utapewa 22 zote. Kwa kawaida kuna kampuni ya kurudisha pesa, nayo hukata ada yake. Kwa hivyo msafiri akileta pungufu ya 22, msimwite mwizi. Angalieni hati, kiasi kimeandikwa hapo.

KABLA YA SAFARI
Andikeni kwenye daftari la kikundi: nani ametuma nini, kwa pesa ngapi, na kodi ikirudi ni ya nani. Pesa hizo hupitia kwa msafiri, mkononi au kwenye kadi yake, kwa hivyo makubaliano yawe ya maandishi. Akirudi, mweka hazina apokee risiti zote na nakala ya hati ya kodi.

MASWALI YA KUJADILI
- Kodi ikirudi, iwe ya msafiri, ya aliyetuma, au ya mfuko wa kikundi? Kwa nini?
- Hapa nyumbani tukinunua sabuni na sukari za kikundi, tunadai risiti?
- Daftari letu linaweza kusomwa na kila mwanachama?