Kamera ya Betri Kando ya Msitu wa Rungwe

Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kipunji zamani, kabla wanasayansi hawajamjua. Mwaka 2003 watafiti wa shirika la Wildlife Conservation Society wakiongozwa na Tim Davenport walifuatilia habari hizo katika msitu wa Mlima Rungwe, wakamkuta kweli: kima mkubwa mwenye manyoya marefu ya kahawia na kishungi kilichosimama utosini. Mwaka uliofuata kundi jingine la watafiti lilimkuta Ndundulu, katika milima ya Udzungwa. Taarifa ya pamoja ikachapishwa katika jarida la Science mwezi Mei 2005, na miongoni mwa walioiandika wamo Noah Mpunga na Sophy Machaga.

Bado lilibaki swali: kima huyu ni wa ukoo gani? Jibu lilitokana na mzoga. Kipunji mmoja alinaswa na mtego wa mkulima katika shamba la mahindi, na vipimo vya mwili na vinasaba vyake vikaonyesha kwamba yuko karibu zaidi na nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923.

Habari hii ina funzo kwa mtu wa Kinyala, Tukuyu au kijiji chochote cha Wilaya ya Rungwe ambako mahindi, migomba na viazi vinapanda hadi ukingoni mwa msitu. Wenyeji walikuwa na ujuzi. Walichokosa ni ushahidi ambao mtu wa mbali angeweza kuuona na kuupima. Leo sehemu kubwa ya ushahidi huo inaweza kupatikana bila kumuua mnyama, kwa kifaa ambacho fundi wa simu au klabu ya sayansi ya sekondari inaweza kukiunda: kamera ya mtego inayotumia betri.

Kutoka unga wa magnesi hadi joto la mwili

Kamera za namna hii si ngeni katika nchi yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za wanyama usiku katika maeneo ya Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Alitumia mabamba ya kioo, unga wa magnesi uliolipuka kwa mwanga mkali, na uzi uliotegwa njiani ili mnyama ajipige picha mwenyewe. Kitabu chake cha mwaka 1905 kiliwashangaza wasomaji wa Ulaya. Vifaa vyake vilihitaji wapagazi, na kila picha ilimgutusha mnyama.

Miaka 100 baadaye, mwaka 2005, kamera zilizotegwa na mtafiti Francesco Rovero katika msitu wa Ndundulu zilinasa picha za sange mkubwa mwenye uso wa kijivu, mnyama wa takriban gramu 700 ambaye hakufanana na sange yeyote aliyeorodheshwa. Watafiti walirudi kumkamata, na mwaka 2008 akatangazwa kuwa spishi mpya, Rhynchocyon udzungwensis. Minde, paa wa milimani anayepatikana Tanzania pekee na anayeishi pia katika misitu ya Rungwe, hupenda vichaka vizito na giza. Kwa mnyama wa tabia hiyo, kamera inayosubiri wiki nzima bila kukohoa inamshinda mtafiti yeyote.

Inavyomtambua mnyama

Moyo wa kamera hii ni kihisi kidogo kinachopokea mionzi ya infraredi, yaani joto linalotoka kwenye mwili. Ndani yake mna vipande viwili vilivyounganishwa ili vipingane. Joto likivifikia vyote kwa pamoja, kwa mfano jua linapochomoza na kupasha uwanja mzima, vinafutana na hakuna kinachotokea. Mnyama akikatiza mbele, kipande kimoja kinampokea kwanza na cha pili baadaye. Tofauti hiyo ndiyo inayoiamsha kamera.

Kutokana na hilo yako mambo mawili ambayo mtengenezaji lazima ayajue. La kwanza, mnyama anayeijia kamera moja kwa moja huweza kupita bila kugunduliwa, kwa hiyo kamera ielekezwe kukatiza njia yake. La pili ni migomba. Jani pana la mgomba lililopata jua la saa nne asubuhi, kisha likapepea kwa upepo, hupeleka kwenye kihisi ishara ileile ya mwili unaopita. Kamera iliyotegwa ikitazama mgomba itajaza memori kadi kwa picha za majani na kumaliza betri kabla nungunungu hajatoka shimoni.

Usiku hutumika taa za LED za infraredi. Zile za nanomita 850 huangaza mbali zaidi, lakini zinaonyesha wekundu hafifu ambao mnyama anaweza kuuona. Zile za nanomita 940 hazionekani, ila mwanga wake haufiki mbali. Kamera nayo iwe haina kichujio cha infraredi mbele ya kipokea picha, hata kama picha za mchana zitatoka na rangi ya waridi.

Hesabu ya betri

Wengi huanza kwa kuulizia ubora wa lensi. Waanze na betri, kwa sababu hapo ndipo kamera nyingi za kutengenezwa nyumbani hufia.

Chukua betri moja ya lithiamu ya duara, kama zile za ndani ya pawabenki, ya volti 3.7 na miliampia-saa 3,000. Nishati yake ni takriban wati-saa 11. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi Zero 2 W ikiachwa imewashwa bila kazi hula karibu nusu wati, yaani wati-saa 12 kwa siku. Betri haifiki hata kesho.

Dawa ni kulala. Tumia mikrokontrola inayozimika karibu yote na kuamshwa na kihisi tu. Tuseme saketi nzima ikiwa usingizini inavuta miliampia 0.2, kwa saa 24 ni miliampia-saa 4.8. Kila picha iiamshe kwa sekunde 5 kwa miliampia 300, pamoja na taa. Picha 50 kwa siku ni takriban miliampia-saa 21. Jumla ni 26, na betri ileile inafika siku 115. Ondoa theluthi kwa ajili ya baridi, uchakavu na upotevu wa nishati, bado zinabaki siku zaidi ya 70.

Sasa tazama hatari yake. Bodi nyingi za bei nafuu zina vipuri visivyolala. Bodi ikivuta miliampia 6 ikiwa "usingizini", inakula 144 kwa siku kabla ya picha ya kwanza, na siku 115 zinakuwa 18. Kwa hiyo chombo cha kwanza cha kununua ni mita ya fundi. Pima mkondo wa saketi ikiwa imelala, na usitegemee maelezo ya kwenye boksi.

Usitumie betri iliyovimba wala isiyo na saketi ya ulinzi, kwani lithiamu inayopata shoti huwaka moto. Usiichaji pia kwenye baridi ya nyuzi sifuri au chini yake, hali inayotokea nyakati za jalidi katika uwanda wa Kitulo. Paneli ya sola nayo haifai chini ya miti na ukungu wa Rungwe. Ni afadhali kuwa na betri mbili, moja kazini na nyingine ikichajiwa nyumbani.

Mvua, ukungu na mahali pa kutega

Miteremko ya kusini ya Mlima Rungwe hupata mvua inayofikia milimita 3,000 kwa mwaka. Maji yakiingia kwenye boksi, kazi yote imeharibika. Tumia boksi la plastiki la mafundi umeme lenye mpira wa kuzibia, ziba matundu kwa silikoni, weka pakiti za silika jeli ndani, na uweke kipaa juu ya lensi. Paka silikoni upande wa ndani na wa nje. Usiweke kioo cha kawaida mbele ya kihisi, kwa sababu kinazuia mionzi ya joto la mwili. Acha kifuniko chake cheupe cha plastiki kitokeze nje.

Baridi ya Rungwe, adui wa betri, ni rafiki wa kihisi: mwili wa mnyama hujitokeza vizuri zaidi mbele ya mandhari baridi. Funga kamera kwenye shina imara, sentimita 40 hadi 50 kutoka ardhini, mita 3 au 4 kutoka njia ya wanyama. Fyeka nyasi zilizo mbele yake. Ielekeze kaskazini au kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie kwenye lensi.

Kipunji hukaa zaidi juu ya miti, kwa hiyo kamera ya ardhini haitamhesabu. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 na kupata kipunji 1,117 ilifanywa na watu waliotembea msituni. Kazi kubwa ya kamera ya mkulima iko ukingoni: kujua ni nani hasa anayekula mahindi usiku, na saa ngapi. Nguruwe pori anahitaji kinga tofauti na kima. Mkulima anayejua hilo hana sababu ya kutega kitanzi kinachonasa chochote kipitacho.

Sheria nayo izingatiwe. Msitu wa Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na utafiti wa wanyamapori una vibali vyake, vikiwemo vya Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI) na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Shambani mwako una nafasi zaidi, lakini wajulishe majirani. Kamera humpiga picha pia mama anayepita na kuni, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha za watu zifutwe.

Walimu wa sayansi wa Rungwe, somo la umeme, la joto na la baiolojia mnalo lote ndani ya boksi moja. Jengeni moja na wanafunzi wenu, itegeni kando ya shamba la shule, andikeni tarehe, saa na mahali pa kila picha, na pelekeni nakala kwa maofisa wa misitu. Wakazi wa hapa walimjua kipunji kabla ya wengine wote. Safari ijayo, habari ya mnyama wa milima hii itoke kwao ikiwa na picha yake.